Marashi ya Baridi

Mufindi, 2 Juni 2024

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na miguu imepungua kuvimba. Sisi huku wazima, ila mimi nimechoka, Bibi. Safari ya kutoka Lindi imenimaliza mgongo, na tangu tufike sijapata joto. Naandika nimejifunika khanga zako zote, moja juu ya nyingine, kama kitunguu.

Ulisema mambo ya chumbani nisiyapigie simu, maana sikio lako linataka spika na spika inaita Mitwero nzima. Basi nitakuwa naandika na kuwapa watu wa basi wakuletee.

Bibi, nina mume! Asubuhi naamka naliangalia sikio la Hasani limejitokeza kwenye blanketi, nasema moyoni, hili ni langu. Akinifungulia mlango nasahau kwamba nimebeba ndoo. Akinywa uji nakaa namtazama mpaka wangu unapoa, na huku uji unapoa mara moja. Kweli baridi inachosha, maji yanauma kama upupu, vidole vimepasuka, kuni zimeloa, na ikifika saa sita mchana natamani kulala. Lakini jioni nikisikia viatu vyake, nachangamka tena.

Kuna jambo nataka kukueleza. Unakumbuka ile chupa nyeusi aliyonizawadia Rosemary, yule niliyemaliza naye kidato cha nne, sasa anauza marashi Dar? Marashi ya chokoleti chungu, yamechanganywa na mdalasini, karafuu na pilipili manga. Nilijipaka siku ya harusi, jua la Lindi likayapiga, nawe ukatoka jikoni unauliza, "Nani ameunguza kashata?" Wanawake walicheka mpaka nikaenda kuoga upya huku nalia. Rosemary alikuwa ameniambia, "Shoga, hayo ni ya baridi, si ya kwenu." Nilidhani anaitetea zawadi yake.

Bibi, alisema kweli. Huku mwanzoni hayanukii kitu, yamelala kama mtu aliyejifunika. Nikikaa karibu na jiko, sweta likapata moto, yanaanza kutokea shingoni polepole. Kwanza pilipili, halafu karafuu, na mwisho ile chokoleti yenyewe, chungu na tamu, kama mtu anafunua chungu kwa kuiba. Juzi Hasani aliweka shavu hapo shingoni akasema, "Ziada, hapa ndipo penye joto." Nilisahau ndoo zote za wiki.

Kazi yake ni kupokea majani mabichi ya chai kiwandani na kuyasukuma kwenye vitoroli. Bado yuko kwenye majaribio. Akiwapendeza wakubwa, mwezi wa tisa ataandikwa kazi ya kudumu, na sisi tutahamia nyumba za kiwanda ambazo bati halivuji.

Nakuuliza wewe uliyenifunda: huku udi haupatikani. Koti lake nilifukize kwa kitu gani? Analo moja tu, la kijani, zito, la mtumba.

Mjukuu wako akupendaye,
Ziada

---

Mitwero, 15 Juni 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua imefika na nimeisoma mwenyewe, bila kumpa mtu. Mimi niko hivyo hivyo. Miguu inakataa kufika kisimani, vijana wanapuliza salfa kwenye mikorosho, pua zimeziba, sinusi hata samaki. Nimechoka, lakini uchovu wa uzeeni hausimuliwi, unakaliwa tu kwenye mkeka.

Umeninyang'anya mume, halafu unaniandikia habari za sikio lake! Haya, nimesamehe. Mwambie Hasani kwamba mke wake mkubwa yuko Mitwero na bado ana meno mawili ya mbele.

Kama hayo manukato yanapenda baridi, yatumie. Ligeuze koti, nyunyiza ndani kwenye bitana, upande wa moyo na chini ya kwapa. Nguo nyingine zilaze pamoja nalo sandukuni. Mwanamume asitoke kwake ananuka moshi wa kuni, watu wakasema hana mtu.

Nakukumbusha niliyokuambia siku ile tulipofunga mlango mimi na wewe. Nguo iliyofukizwa hairudishwi. Mume akiikataa, amekukataa wewe. Na wewe ukiacha kufukiza bila kusema neno, umemwambia atoke. Hasani anayajua hayo. Kwao Kitomanga mama yake hakumtoa baba yake hata kwenda kupalilia bila shati kupita kwenye chetezo.

Nakutumia udi kidogo na karafuu kwenye kopo la maziwa. Usimpe mtu.

Bibi yako, mke mwenzio

---

Mufindi, 29 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Hali yako? Miguu? Kopo limefika, nikalifungua, nikakaa chini nikalia kwa harufu ya nyumbani, halafu nikaona aibu nikaendelea kupika.

Nimefanya ulivyosema. Kila asubuhi kabla hajavaa naligeuza koti, napuliza kwenye bitana, nafunga vifungo ili harufu isitoroke. Masweta yake mawili yanalala nalo sandukuni. Namvisha mwenyewe, Bibi, kama ninamvisha mfalme. Ananusa, anafumba macho, anasema, "Asante, mama." Halafu husimama kidogo mlangoni kama mtu aliyesahau kitu. Ndipo anaondoka. Nabaki nikimtazama akipotea kwenye ukungu na najua kwamba ukungu wote ule unamnusa mume wangu.

Na marashi haya yana nguvu! Jioni koti linarudi linanukia vilevile kama lilivyotoka, kana kwamba halikuvaliwa kutwa. Rosemary hakunipa kitu cha mchezo.

Asubuhi sasa majani ya nje yanaganda meupe, ukiyakanyaga yanalia. Nimechoka na kuwasha moto usiotaka kuwaka. Nimechoka na kufua, shuka inakaa siku nzima kwenye kamba na bado imelowa. Hasani naye amechoka, nadhani kuliko mimi, ila hasemi. Ameanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kinatokea chini kabisa. Nikimuuliza anasema ni vumbi la majani. Nikimshika mikono anapoingia, ni baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni. Mtu mwenye koti zito namna ile, Bibi, baridi inampitia wapi?

Mjukuu wako,
Ziada

---

Mitwero, 10 Julai 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba, mjukuu wangu. Mimi mzima wa kujikokota. Mama yake Hasani alipita hapa akitokea Kitomanga. Amemsikia mwanawe kwenye simu, anasema sauti imekwaruza. Nimemwambia asihofu, kijana ana mke.

Kikohozi cha baridi kinataka kifua kipate moto. Karafuu ni moto. Pilipili manga ni moto. Hayo manukato yako yote ni dawa, basi usiyaonee choyo. Zidisha. Koti lipulize asubuhi na jioni, na sweta za ndani uzifukize udi niliokutumia. Shingo yake mpake mafuta ya nazi uliyotia karafuu.

Siandiki sana. Mkono unauma, na jua la leo limenikalia kichwani.

Bibi yako, mke mwenzio

---

Mufindi, 21 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako na umeketi.

Nilizidisha. Koti, sweta, shingo, vyote. Kikohozi nacho kikazidi. Jumatano nikaona kukaa nyumbani sitaki tena, nikachemsha tangawizi, nikaitia kwenye chupa ya chai, nikampelekea kazini. Sikuwahi kufika kule. Ni mwendo wa kupanda, na baridi ilinikata pumzi. Nilikuwa nimejipaka marashi yangu kwenye mtandio ili Hasani akitoka afurahi.

Karibu na kibanda cha mlinzi pana uzio wa nguzo. Nguzo ya mwisho ilikuwa imevaa koti la mume wangu, limefungwa vifungo mpaka juu, na masweta mawili yamefungwa kiunoni kwake.

Mlinzi ni mzee mmoja, Ignatius. Nikamwamkia, nikamuuliza lile koti ni la nani.

"La Bi Harusi," akasema.

"Bi Harusi yupi?"

Akaipigapiga nguzo begani. "Huyu hapa. Ananukia kuliko wake zetu wote. Kuna kijana wa pwani, mkewe anamnyunyizia mimanukato mpaka unamsikia kabla hujamwona. Sasa, mama, humu ndani harufu haipiti. Chai ni mdokozi, inadaka kila kitu, sabuni, samaki, kitunguu. Msimamizi anatunusa hapa getini mmoja mmoja, kama mbuzi wa mnadani."

"Kwa hiyo anavua?"

"Anavua, anamvisha Bi Harusi, ananawa shingo na kifua pale bombani kwa jivu. Halafu anaingia na lile koti jeupe la kazi, jepesi kama pazia. Jioni anavaa tena vizuri anarudi kwake."

"Maji ya bomba asubuhi hii?"

"Lina barafu mdomoni. Siku nyingine namgongea kwa jiwe lifunguke."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii mkewe.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Nikamwambia, wewe kijana utakufa kwa marashi. Akanijibu, 'Mzee, kwetu hilo halisemwi.'" Hapo upepo ukageuka, mtandio wangu ukampepea usoni. Akanusa. Akaitazama nguzo, akanitazama mimi, akavua kofia. "Lo. Nisamehe, mama."

Nilimwona Hasani kupitia uzio. Anasukuma kitoroli cha majani, mabega yamepanda hadi masikioni, yale masikio yangu, yamekuwa ya rangi ya majivu. Alisimama, akakohoa akiwa ameinama, akaendelea. Sikumwita. Chupa ya tangawizi nilimwachia mzee, nikamwomba ampe Hasani na aseme imetoka kwake mwenyewe.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu furaha zangu, Bibi, na kila moja ilikuwa imevaa koti lile. Nilisema jioni linarudi linanukia kana kwamba halikuvaliwa. Halikuvaliwa.

Sasa nisikilize. Alhamisi asubuhi nililigeuza koti, nikashika chupa, mkono ukakataa. Nikapuliza kidogo sana, kama kivuli. Akavaa, akanusa. Akaniuliza, "Ziada, umekasirika?" Macho yake, Bibi! Kama mtoto aliyenyimwa. Nikamwambia hapana, kidole kiliteleza. Nikapuliza tena. Akatabasamu, akaenda kumvisha nguzo. Hivyo hivyo Ijumaa. Hivyo hivyo jana.

Nikiacha, nimemwambia atoke. Nikisema kwamba najua, nimemvua nguo zile alizonisitiri nazo. Nikiendelea, namuua kwa mkono wangu. Wewe ndiye uliyefunga mlango ukanifunda. Niambie mlango huu unafunguliwaje. Nimechoka mpaka machozi hayatoki.

Mjukuu wako,
Ziada

---

Mitwero, 3 Agosti 2024

Ziada mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa stendi, nimeipata jana. Nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kukaa uani hadi jua likanifukuza.

Mimi nilifundwa kwenye joto. Na aliyenifunda alifundwa kwenye joto. Huku mwanamume akiona nguo nzito anaivua, hapungukiwi kitu. Ya baridi sikufundishwa, mjukuu wangu, na nilikuandikia uzidishe kama mtu anayejua. Jibu nimelitafuta kwa wenzangu wawili bila kutaja jina, nao walifundwa kama mimi.

Ninaloweza kusema ni hili. Usiache kimya kimya, ataona umemchoka. Usimkemee, maana alivumilia kwa ajili yako, na mtu aliyevumilia ukimkemea anavunjika. Lakini koti livuke lile geti. Namna utakayoifanya, mimi nimeikubali kabla sijaijua. Akisema mama yake kitu, aje kwangu.

Sitanii leo. Nguvu za utani sina.

Bibi yako

---

Mufindi, 18 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Mungu akupe afya. Barua yako ilifika tukiwa hospitali, ndiyo maana sikujibu.

Hasani alianguka. Jumatatu alipotoka kazini alifika mlangoni, koti amelivaa vizuri, linanukia, akasema, "Nimechoka kidogo," akakaa chini pale pale kizingitini. Alikuwa anawaka. Wakasema nimonia. Alilala wodini juma zima na zaidi, nami nikilala kwenye benchi na kusikiliza kifua chake kikikwaruza kama kifuu cha nazi. Alipoweweseka alikuwa akisema, "Nimenawa, nusa, nimenawa." Manesi hawakuelewa. Mimi nilikuwa naelewa.

Nikirudi nyumbani kupika, ndipo nilipokuwa nafua. Koti, masweta, mashati, mashuka, na sanduku lenyewe nililisugua. Jivu, maji, jivu, maji. Jirani yangu Debora anachambua chai kiwandani, pua yake haidanganyiki. Nikamwita anuse. Akaingiza uso mzima kwenye koti.

"Bado. Karafuu ipo."

Nikafua tena. Akaja tena.

"Karafuu imeondoka. Sasa kuna kitu kama keki."

"Chokoleti."

"Mh! Wewe dada, ulimwoa au ulimwoka?"

Nilicheka, Bibi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya geti, halafu nikafua tena. Vidole vimepasuka mpaka kalamu hii inauma. Mwishowe alinusa akasema, "Sasa linanuka koti." Nikalitundika kwenye upepo likakauka kwa siku tatu.

Alhamisi asubuhi ndiyo alirudi kazini. Amepungua, shingo imekuwa nyembamba. Nilimpa uji. Halafu nikalichukua koti, nikaligeuza kama siku zote, mbele yake, nikalikung'uta, nikamvisha. Sikugusa chupa. Akanusa kola. Akanusa mkono wa kushoto, akanusa wa kulia. Akashusha mikono.

"Ziada," akasema. "Nimekosa nini?"

Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri, unanijua. Yote yalikimbia. Nikafunga kifungo cha kwanza, nikafunga cha pili, nikamwambia, "Hujakosa. Ila ile nguzo ni mke mwenzangu, na mimi sitaki uke wenza. Leo koti langu livuke geti."

Akakaa kwenye kigoda, koti limefungwa mpaka shingoni, akaficha uso, na mabega yakaanza kutikisika. Nikaogopa kwamba nimemvunja kama ulivyosema. Nikapiga magoti, nikaondoa mikono yake usoni. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu tangawizi."

"Na ukaendelea kupuliza?"

"Na wewe ukaendelea kuvaa?"

Tukatazamana, Bibi, watu wawili wajinga, mmoja amepasuka vidole, mwingine amepasuka kifua. Akasema, "Nilifikiri nikikuambia, utasikia kwamba sikutaki." Nikamwambia, mimi nami nilifikiri nikiacha kupuliza, utasikia kwamba sikutaki. Uji ulikuwa umeganda. Akachelewa kazini.

Mzee Ignatius alimpokea kwa kelele, amenisimulia Hasani jioni. "Mmemwacha Bi Harusi wetu uchi, baridi yote hii!" Msimamizi akamnusa, akamnusa tena, akampisha. Amefanya kazi kutwa na koti lake mwilini. Kama wataendelea naye baada ya kuumwa, hatujui. Majina yatatoka mwezi wa tisa. Bati bado linavuja.

Marashi sijayatupa. Najipaka mimi, kidogo, jioni akisharudi, tukikaa jikoni, na kabla ya alfajiri naoga ili mto usimpeleke kazini na harufu yangu. Kuoga alfajiri huku, Bibi! Sasa najua bomba lile linavyouma. Jana alipoweka shavu shingoni pangu, nilinusa koti lake. Limedaka chai kutwa nzima. Linanuka majani makavu, kama nyasi zilizopigwa na jua. Nilimvua, nikajifunika mimi, nikasinzia pale pale karibu na jiko hata ugali ukaungua. Yeye akaula hivyo hivyo.

Nakutumia pakiti ya chai ya kiwanda chao. Ya msimu huu, kuanzia Juni. Ukiifungua, usikimbilie kuitia majini. Inuse kwanza, kama pua zimezibuka. Kama utasikia chai tupu, hakuna karafuu, hakuna chokoleti, hakuna mimi, ujue mume wetu alitetemeka ili iwe hivyo.

Mjukuu wako, mke mwenzio,
Ziada